Maji Yaliyomwosha Binti

Kuna watu kwenye mteremko wetu ambao hawakununua maandazi ya Rahima, na shida haikuwa mafuta wala sukari. Shida ilikuwa mikono yake. Ile mikono iliyokanda unga asubuhi ndiyo iliyoitwa kila alipofariki mwanamke wa Kiislamu, kuanzia mtaa wetu wa Nguba hapa Bukavu mpaka Cimpunda, na mara nyingine hadi Kavumu. Rahima alikuwa mwosha maiti. Mimi nilinunua maandazi yake na kuyala palepale mbele yake, nikimtania kwamba yananukia karafuu maiti. Alinijibu kwamba sambaza zangu zinanuka kuliko mtu yeyote aliyewahi kumwosha, na bado anazila.

Naitwa Martine. Nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, na nina mdomo. Hilo nalisema mwenyewe kabla majirani hawajakuambia. Tunakaa chini kabisa ya Nguba, si kule kwenye majumba yenye maua ukutani, bali kwenye mteremko ambapo nyumba za mbao zimebanana hadi ukingoni mwa ziwa. Nyumba ya Rahima iko juu, yangu iko chini yake, na chini yangu kuna chemchemi iliyojengewa matofali. Bomba la mtaa likikauka, na siku za kukauka ni nyingi kuliko za kutoa maji, mteremko mzima hushuka pale na mabidoni, yaani madumu ya maji.

Rahima alizaliwa Uvira, katika ukoo wa wauza vitambaa ambao babu zao walitoka pwani ya mashariki. Mume wake Assani, fundi cherehani, alimleta Bukavu akiwa bado msichana, kisha akafa na kumwacha peke yake. Hawakujaliwa mtoto. Kazi ya kuosha aliirithi kwa mama yake, na kila kitu alikifanya vile alivyofundishwa. Wanaume huchimba ufuo, yaani shimo refu la kupokea maji, na kitanda cha kuoshea huwekwa juu yake. Maiti huinuliwa kidogo, tumbo hukandwa polepole ili kilichobaki ndani kitoke, ndipo huoshwa, na maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti. Maji yote hushukia ufuoni, yasije yakatapakaa mahali watu wanapokanyaga. Wanaume wakirudi kutoka makaburini, wanaufukia.

Niliwahi kumwuliza kama haogopi kazi ile. Akasema anaogopa kitu kimoja tu: mtu kwenda kaburini bila kuoshwa. Mwaka mmoja kipindupindu kilipoingia mjini, rafiki yake wa msikitini alifia kwenye mahema ya matibabu. Walimpulizia dawa, wakamfunga kwenye mfuko, wakamzika watu ambao hata nyuso zao hazikuonekana. Rahima alisimama nje ya uzio akiwa na sanda mkononi na hakuna aliyemfungulia. Habari hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara machozi yalimtoka upya.

Mwanangu Merveille alikuwa na miaka saba, na kusema kweli alikuwa wa Rahima kuliko wangu. Akiamka tu, kabla hata ya kunawa uso, amekwisha panda kule juu. Rahima alikuwa na desturi ya kumpa yale maandazi yaliyoharibika umbo, yasiyofaa kuuzwa. Siku moja nilimkuta anayaharibu kwa makusudi, anayavuta masikio, anayatoboa kwa kidole, huku mwanangu amekaa kwenye kigoda anamhimiza. Nikamwambia kwamba akiendelea hivyo biashara itakufa. Wakacheka wote wawili, na mimi nikabaki mtu mbaya kama kawaida.

Sasa niseme kuhusu mvua, maana bila mvua habari hii haipo. Zamani mwezi wa sita ukiingia Bukavu, unajua mvua imekwisha mpaka mwezi wa tisa. Vumbi linapanda, mabomba yanakohoa, sambaza ninazozianika asubuhi jioni zimekauka. Watu walipanga mambo yao kwa kutegemea hivyo: kujenga, kuoa, kuchimba vyoo. Siku hizi asubuhi kuna jua la kuunguza utosi, saa nane inashuka mvua ya kubeba nyumba. Mbu, ambao zamani tuliwaona kama watu wa Uvira tu, kule chini kwenye joto, sasa wanatuimbia masikioni. Redioni wanasema dunia imepata joto. Mimi dunia siijui, najua kwamba sambaza zangu zinaoza kwenye wavu mwezi wa saba, jambo ambalo mama yangu hakuliona maisha yake yote.

Huko Uvira ilikuwa vibaya zaidi. Ziwa Tanganyika lilipanda, likaingia vyumbani mwa watu na likakaa humo. Rahima alikuwa na mdogo wake kule, jina lake Binti, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa ambaye akija kutembea tulijua wote kwamba amefika. Nyumba yake ilizama mpaka madirishani. Akahamia kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine zilizokimbia maji, mahali ambapo vyoo vilikuwa vimefurika na watu walichota maji ya kunywa palepale karibu. Rahima alimtumia ujumbe aje. Mwezi wa saba akaja, juu ya lori la mizigo, na aliposhuka hakuwa na ile sauti tena.

Nilikuwa naanika samaki nilipomwona anapita huku amejishika tumbo. Kufika mchana alikuwa anatapika, na anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, vidole vimesinyaa. Mtu yeyote wa kwetu anaujua ugonjwa huo bila kuambiwa jina. Nilimwambia Rahima tumbebe mara moja tumpeleke kwenye mahema. Binti alinisikia. Akamshika dada yake kiganja, akasema kwa sauti iliyokuwa imebaki, akiuogopa ule mfuko:

"Dada, usibaache banitie mu sachet. Unioshe weye mwenyewe."

Rahima aliniangalia, na mimi nilijua kwamba amekwisha amua. Alimpa maji ya chumvi na sukari, akampa uji mwepesi wa mchele, akaniambia tungoje jua lipungue kidogo. Niligombana naye pale mlangoni, nikamwita mjinga, nikamwambia kwamba kule kwenye mahema wanatia watu maji kwenye mshipa na wanaamka. Alijibu kwamba wengine hawaamki. Kabla jua halijazama, Binti alikuwa amekufa.

Kesho yake asubuhi wanaume walichimba ufuo uani kwa Rahima, mahali palepale walipochimba siku alipofariki mama mkwe wake. Yeye akamwosha mdogo wake. Sikuwa ndani, mimi si Mwislamu na hairuhusiwi, lakini nilisikia maji yakimwagwa kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kusikia. Alitoka uso umetulia kabisa, karibu kama mwenye furaha. Aliniambia ametimiza. Baada ya sala ya adhuhuri wanaume wakambeba Binti kwenda makaburini, ufuo ukabaki umefunikwa mbao mbili, ukingoja warudi. Mbingu ilikuwa nyeupe. Nani angewaza mvua mwezi wa saba?

Ilitokea upande wa ziwa, upepo kwanza, halafu giza, halafu maji. Si mvua ya kunyesha, ni mvua ya kumwaga. Wanawake waliokuwa matangani wakakimbilia ndani. Njia zetu zote zikawa mito, vyoo vikabubujika, ukuta wa jirani ukaanguka. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nikiokoa sambaza, na nilipoinua kichwa niliona zile mbao mbili zinaelea. Ufuo ulikuwa umejaa. Maji yalivuka ukingo wake, yakapita kando ya ukuta wangu, yakashika njia ya chemchemi.

Rahima alitoka peke yake na jembe. Alikuwa anatupa udongo shimoni, na udongo wote aliotupa uliondoka na maji. Aliendelea hivyo, kitambaa kimemdondoka kichwani, anachota matope na kuyatupa, anachota na kuyatupa, mpaka nilipokwenda kumshika kiuno na kumrudisha ndani kwa nguvu. Alikuwa anasema jina la Binti.

Bomba lilikuwa kavu tangu juma lililotangulia. Sisi wa mteremko tuna imani yetu kwamba chemchemi hujisafisha yenyewe: ukiacha yapite maji machafu, yanayofuata ni mazuri. Asubuhi yake maji yalikuwa yametulia na kung'aa, mtu unaona hadi chini. Tukateka, wote, kama siku zote.

Merveille aliugua kabla juma halijaisha. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye hadi kwenye mahema, sikungoja jua lolote lipungue. Wakamtia maji kwenye mshipa, na kwa muda aliniomba andazi, nikaamini kwamba amepona. Mahema yalikuwa yamejaa, watu wamelala hadi nje, na maji ya mishipa yalikwisha kabla hayajaletwa mengine. Mwanangu alikufa akiwa amenishika kidole. Niliwaomba nimwogeshe tu na kumvalisha gauni jeupe aliloshonewa kwa ajili ya komunyo ya binamu yake. Walinieleza kwa upole kwamba haiwezekani. Wakampulizia dawa mbele yangu, wakavuta zipu ya mfuko. Mfuko ulikuwa wa mtu mzima, ukamzidi, wakaukunja chini. Tangu siku ile sijaacha kuuona ule mkunjo.

Nilipotoka nje Rahima alikuwa kwenye uzio. Alikuwa amenyoosha mikono. Nikamwambia maneno ambayo mteremko mzima unayajua, kwa sababu sikuyasema kwa kunong'ona:

"Maji ya dada yako njo imeua mutoto yangu."

Alishusha mikono yake, akageuka, akaenda. Watu wengine sita kwenye mteremko wetu waliugua, na mzee mmoja alikufa. Habari ya ufuo ilipita nyumba kwa nyumba, na mimi ndiye niliyeipitisha. Waliokataa maandazi yake tangu zamani wakasema walijua. Mtu fulani akamwaga kinyesi mlangoni kwake. Mimi sikufanya hilo, lakini nilipita nikaliona na sikulia.

Firmin, mfanyakazi wa afya wa mtaa wetu, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikuja kupima chemchemi. Akakuta ugonjwa umo. Nikamwambia mbele ya watu kwamba ni maji ya maiti. Akasema hawezi kujua. Akaonyesha mkono kuanzia juu mpaka chini, akasema kwamba siku ile vyoo vyote vya mteremko vilifurika, na mtu mmoja mgonjwa asiyejijua alitosha. Halafu akageuka kwangu, bila ubaya, akasema kwamba choo changu nacho kilifurika, na kiko karibu na chemchemi kuliko uani kwa Rahima. Nilimchukia miezi mitatu. Nilitaka mtu wa kumlaumu, na mvua huwezi kwenda kuigongea mlango.

Rahima hakujitetea kwa maneno ya Firmin hata mara moja. Aliacha kuosha. Walipokuja kumwita, alisema mikono yake haifai tena, na kazi ikaenda kwa Zabibu, mwanamke wa msikitini aliyewahi kumsaidia. Aliacha maandazi pia. Badala yake alimwomba Firmin dawa ya klorini, akaanza kukaa chemchemini kila asubuhi, anatia matone kwenye bidoni la kila anayeteka. Mwanzoni watu walimnyima mabidoni yao. Walimwambia aende akawatilie wafu. Alikaa tu. Na mara nyingi nilimsikia Firmin akihadithia kwamba mama huyo anamchosha, kila juma yuko ofisi ya afya akiomba jambo lilelile: kwamba wanaofia kwenye mahema waruhusiwe kuoshwa kwa maji ya klorini, na wanawake wawili waliofundishwa, wenye glovu na buti, na ufuo uwe wa saruji. Aliomba kwa ajili ya Waislamu na kwa ajili ya wengine wote wanaotaka. Mwishowe wakubwa walikubali, imamu akakubali. Merveille wangu alikuwa kaburini tayari.

Nilipita mbele yake nikiwa na bidoni langu miezi mingi bila salamu. Kisha siku moja, sijui kwa nini siku ile, nililitua mbele ya miguu yake nikalifungua. Akatia matone yake. Tone moja likaanguka nje, akatia lingine.

"Ungoje kidogo mbele ya kunywa, Mama Merveille," akasema.

Watu walikuwa wamekwisha kuniita Maman Martine tu, kwa kunionea huruma, kana kwamba mtoto akifa jina lake nalo hutoka kwa mama. Yeye hakuliondoa. Nilikwenda nyumbani nikalia mpaka nikachoka, na kuanzia siku ile tukawa tunasalimiana.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata mvua haikupumua. Udongo ulishuka huko juu ukakata mabomba, ukazika nyumba tatu, na kipindupindu kikarudi. Asubuhi moja Rahima aliniita kupitia ukuta wa mabati. Alikuwa amekwisha funga kanga zake mbili kwenye furushi. Akasema tumbo limeanza, na anataka kwenda sasa hivi, kwa miguu yake, kabla hajamchafulia mtu njia. Nilimshika mkono tukapanda pamoja. Mahali alipotapika alisimama, akatoa chupa ya klorini, akamwagia, tukaendelea. Nilimfokea kwamba anapoteza nguvu. Akaniambia nisigombane naye leo.

Walimtia maji kwenye mshipa na safari hii maji yalikuwepo. Lakini alikuwa amekonda miezi hiyo yote, mwanamke asiyekula, na moyo wake ulikuwa dhaifu. Jioni aliniambia nisogee. Nilidhani anataka kunywa.

"Batakuja kukuuliza kama niliacha neno. Ubaambie basinioshe."

Nilimwambia aache upuuzi, kwamba ruhusa ipo sasa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeitafuta. Alitikisa kichwa.

"Merveille hakuoshwa. Na miye niende vile. Uniahidi."

Sikuahidi. Nilimpangusa midomo na kitambaa, nikamwambia alale. Alifariki asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, macho yameelekea kwenye kitambaa cha mlangoni.

Zabibu alikuja na mwenzake, wamebeba sanda, wamevaa buti za mpira zinazowazidi miguu. Alikuwa analia, na alikuwa anaogopa, maana hakuwahi kumwosha mwalimu wake, nani amewahi? Alinikuta nimekaa kwenye jiwe nje ya hema. Akaniuliza kama marehemu aliacha wasia wowote kuhusu mwili wake. Alijua, kama mteremko wote ulivyojua, kwamba mimi ndiye niliyekuwa naye mpaka mwisho, na pengine alijua pia ni mtu gani ana sababu ya kutomtakia Rahima mema.

Niliangalia zile glovu mikononi mwake. Nilifikiri juu ya mfuko uliokunjwa chini.

"Alisema mumuoshe," nikamwambia. "Alisema mumuoshe muzuri, musiharakishe."

Zabibu akashukuru Mungu, akaingia. Nilibaki kwenye jiwe, nikasikia wanaanza, maji yakishuka ndani ya ufuo wa saruji na kuishia humo. Walikawia sana. Mtoto wangu alikwenda bila tone la maji, na sikuwa na nguvu ya kumwona wa pili akienda hivyo. Kama Rahima amenikasirikia huko aliko, tutagombana nikifika.